Mkate wa jana na utamu wa Hyderabad

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Ramadhani, mwaka wa pili wa ndoa yetu. Tulikuwa tukiishi Hyderabad, India, ambako mume wangu alikwenda kusoma. Tulipanga vyumba viwili katika mtaa wa Tolichowki, upande wa ngome kongwe ya Golconda, mtaa wenye wanafunzi wengi wa kigeni: Wayemeni, Wasomali, Wasudani na sisi wa Afrika Mashariki. Mwenye nyumba alikuwa mjane mtu mzima aliyeishi ghorofa ya chini. Sote tulimwita Khala.

Alasiri moja nilikuwa nikishuka ngazi kwenda kutupa taka, tukakutana mlangoni kwake. Mkononi nilikuwa na mfuko wa slesi tisa au kumi za mkate, zimekauka, hazifai tena kwa chai ya daku. Mwezi ule posho ya masomo ilikuwa imechelewa, na nilikuwa nikihesabu kila rupia ya mboga. Lakini mkate uliokauka sikuuhesabu kuwa ni mali. Khala akauangalia mfuko, akaniuliza kama mkate umeharibika. Nikamwambia haujaharibika, ni wa juzi tu. Akaupokea kwa mikono miwili, akaingia nao ndani, wala hakuongeza neno.

Baada ya swala ya Magharibi mjukuu wake alipanda na bakuli lililofunikwa. Ndani mlikuwa na kitu cha rangi ya dhahabu, laini, kimerowa maziwa na shira, kinanukia iliki na zafarani, juu yake lozi na korosho zilizokaangwa. Tulikila chote, mume wangu akapangusa bakuli kwa kidole. Kisha nikatambua ninachokila. Khala angeninong'oneza maneno makali pale mlangoni ningeyasahau baada ya siku mbili. Bakuli lile sijalisahau mpaka leo.

Kesho yake nilishuka kulirudisha, nikamwomba anifundishe. Akanijibu kwa Kiurdu chake cha pole pole, alichokuwa akinitafunia kama mtoto: "Beti, mkate haukosi kazi ila kwa asiyejua kazi yake." Beti ni binti. Tangu hapo nikawa binti wa jikoni kwake mpaka tulipoondoka.

Chakula chenyewe kinaitwa double ka meetha. Jina hili huwachekesha wageni, lakini lina mantiki yake. Wahindi wana mikate yao ya asili isiyoumuka, kama chapati na paratha, ambayo kwa jumla huiita roti. Mkate wa boflo, unaoumuliwa kwa hamira na kuokwa kwa bati, ulienea kwao kupitia Wazungu, Wareno wa Goa wakiwa miongoni mwa waliotangulia. Ukahitaji jina la kuutenga na ule wa nyumbani, ukaitwa double roti. Meetha ni kitu kitamu. Basi double ka meetha ni utamu wa mkate wa boflo, hakuna zaidi ya hapo. Nasi tumefanya vivyo hivyo katika lugha yetu: mkate wa kumimina, mkate wa ajemi, mkate wa mofa, kila mmoja na ukoo wake.

Kaskazini ya India, hasa Lucknow, mji wa Manawabu wa Awadh, na Pakistan pia, wana ndugu yake aitwaye shahi tukda, kipande cha kifalme. Hutofautiana kwa jambo moja. Katika shahi tukda slesi hubaki nzima na ukingo wake bado una ukakasi mdogo wa kukaangwa. Huchovywa katika shira, kisha humwagiwa juu maziwa mazito. Katika double ka meetha mkate hupikwa tena pamoja na shira na maziwa hata ukalegea, ukachotwa kwa kijiko. Mtu wa Lucknow atakwambia wa Hyderabad ni uji. Mtu wa Hyderabad atakwambia wa Lucknow haujaiva. Mimi nimefundishwa Hyderabad, na upendeleo wangu unajulikana.

Wala fikra ya kutia utamu katika mkate si ya India peke yake. Wapishi wa Baghdad katika zama za Bani Abbas walikuwa na judhaba: mkate uliotiwa utamu, ukawekwa chini ya nyama au kuku anayechomwa tanurini ili mafuta yake yaudondokee. Mapishi yake yamo katika Kitab al-Tabikh cha Ibn Sayyar al-Warraq, cha karne ya 10, na katika kitabu chenye jina hilo hilo cha al-Baghdadi, cha mwaka 1226. Wamisri nao wana Umm Ali yao. Pengine kila jiko lenye mkate limewahi kuamka asubuhi na kuukuta umekauka.

Huko Hyderabad double ka meetha ni chakula cha heshima. Katika walima huletwa mwishoni, baada ya biriani, mara nyingi pamoja na qubani ka meetha, ambayo ni aprikoti zilizokaushwa na kupikwa kwa sukari. Siku ya Idi karibu kila nyumba niliyoingia ilikuwa na sinia lake. Ndipo siku moja nikamuuliza Khala swali la kijinga: vipi chakula cha harusi za wakubwa kikawa cha mkate mkavu?

Alikaa kimya, kisha akanisimulia habari za mama yake. Baba yake Khala alikuwa karani katika serikali ya Nizam. Masultani hao wa ukoo wa Asaf Jahi walitawala Hyderabad kuanzia mwaka 1724 hadi Septemba 1948, jeshi la India lilipoingia na dola yao ikafika ukomo. Dola ile iliwahi kuajiri watu wa kila asili: Wahadhrami, ambao wajukuu wao wangali katika mtaa wa Barkas, na walinzi wapanda farasi wenye asili ya Kiafrika, ambao jina lao limebaki katika mtaa uitwao A.C. Guards. (Wachuuzi wazee sokoni walikuwa wakinidhania mimi ni wa huko, nami sikuwasahihisha kila mara.) Baada ya 1948 baba yake alikosa kazi. Nyumba iliyokuwa na mpishi na msaidizi wa mpishi ikabaki na mama mmoja na jiko moja. Khala alikuwa mtoto mdogo. Anachokikumbuka ni mama yake akimtuma kwa mwoka mikate jioni kununua mikate isiyouzika. Idi ya mwaka ule wageni walikuja kama kawaida, maana wageni hawajui hesabu za ndani ya nyumba ya mtu. Wakaandikiwa sinia la double ka meetha, wakala, wakasifu, wakaondoka. Hakuna aliyetambua kuwa katika nyumba ile hamkuwa na kitu kingine.

"Mpishi wetu alikuwa akikata mkate mpya akauanika ukauke," akaniambia. "Mama yangu hakuhitaji kuuanika."

Maneno haya ndiyo siri ya mapishi yenyewe, na hapa nawaomba kina mama na mabinti, na kina baba wenye kupenda jiko, wanisikilize kwa makini. Mkate mkavu hautumiwi hapa kwa sababu ya umaskini. Hutumiwa kwa sababu mpya haufai. Mkate uliotoka tanurini leo una unyevu na nyama yake ni laini. Ukiutia katika samli hunywa mafuta mengi, na ukiutia katika shira husambaratika. Mkate uliolala, wanga wake umekwisha kukaza. Hukaangika kwa rangi moja, hunyonya shira taratibu, na hata ukilegea hubaki na umbo. Kwa hiyo tajiri na maskini wote huanzia kwenye mkate wa jana. Tofauti ni nani aliuanika kwa makusudi.

Lakini tuelewane juu ya neno mkavu. Katika miji yetu ya pwani hewa ina unyevu, na mkate ukiachwa ndani ya mfuko wake wa plastiki huota kuvu kabla ya kukauka. Mkate wenye kuvu hauokolewi. Doa la kijani unaloliona ni sehemu tu; nyuzi zake huwa zimekwisha kupenya ndani, na kukata sehemu yenye doa hakutoshi. Kuogopa israfu ni jambo jema, na katazo lake liko wazi katika Surat Al-A'raf, aya ya 31, lakini kulisha watoto kilichooza si kujiepusha na israfu. Ukiona mkate umebaki siku ya pili, utoe mfukoni, uzitandaze slesi juu ya ungo au waya, uzifunike kwa kitambaa chepesi. Baada ya usiku mmoja ziko tayari. Ukiwa na haraka, zipashe juu ya kikaango kikavu kwa moto mdogo, kila upande, mpaka zikakamae. Wanaodhani jokofu huuhifadhi mkate wakumbuke kuwa baridi yake ndiyo huukakamaza upesi zaidi. Kwa shughuli yetu hii, basi, si kosa.

Kwa watu wanane huhitaji slesi nane, maziwa lita 1, sukari kikombe 1, maji kikombe 1, samli nusu kikombe, iliki punje sita zilizomenywa na kusagwa, zafarani kidogo, na konzi moja ya lozi na korosho. Zabibu ni hiari. Khala hakuzitia, mimi huzitia kwa ajili ya watoto.

Anza na maziwa, kwa kuwa ndiyo yenye kuchukua muda. Yabandike katika sufuria pana yenye kitako kizito, yakichemka punguza moto. Utando utakaojitengeneza juu, yaani malai, usiutupe. Usukume kando kwa mwiko, na ule unaoganda ubavuni mwa sufuria ukwangue urudi ndani. Hiyo ndiyo inayofanya maziwa yawe mazito na yenye chembe chembe za utamu wake mwenyewe. Fanya hivyo mpaka lita 1 ibaki nusu yake, muda wa dakika 40 hivi au zaidi. Usiondoke jikoni. Maziwa yakishika chini hata mara moja, harufu ya kuungua huenea yote na hakuna iliki itakayoifunika. Chota vijiko viwili vya maziwa ya moto, uroweke humo zafarani tangu mwanzo, ili itoe rangi yake polepole. Zafarani ya kweli haiharakishi. Inayogeuza maziwa kuwa mekundu papo hapo imetiwa rangi. Kama huna, acha. Usitie manjano badala yake, kwani ladha yake ni ya mchuzi.

Shira yake ni nyepesi kuliko ya kaimati. Chemsha sukari na maji pamoja na nusu ya iliki kwa dakika tano mpaka saba, hata ukiigusa kwa vidole, ikiwa imepoa kijikoni, inanata bila kufanya uzi.

Hapa pana kosa langu ambalo nalisema ili lisijirudie kwa mwingine. Mara ya kwanza nilipopika peke yangu, nilimwalika Khala na mabinti zake wafuturu kwetu. Nyumbani nimefundishwa kuidondoshea ndimu shira ya kaimati ili isigande, basi nami nikakamua nusu ndimu nzima katika shira, nikajiona hodari. Nikakaanga mkate vizuri, nikamwaga shira, nikamwaga maziwa. Mbele ya macho yangu maziwa yakakatika, maji huku, mabonge kule, na adhana ikaanza. Khala alichungulia sufuria. Akaagiza kitambaa safi, akachuja mabonge, akayaponda kwa kijiko pamoja na sukari, akayapaka juu ya slesi, akasema hiyo nayo ni meetha, ila haina jina. Mabinti zake walicheka mpaka machozi. Basi: shira ikienda kukutana na maziwa, ndimu ikae mbali.

Sasa mkate. Kata kingo zake, zihifadhi. Zikikauka zitwange ziwe chenga za kupaka katlesi. Kila slesi ikate pembetatu mbili. Yeyusha samli kwa moto mdogo, anza kwa kukaanga lozi na korosho, ziopoe, kisha kaanga mkate vipande vichache kwa zamu, ukigeuza, mpaka uwe na rangi ya dhahabu iliyokolea. Rangi hafifu ni hasara, kwa maana mkate usiokaangwa sawasawa hulegea ukawa ubwabwa. Samli hufaa kuliko siagi kwa sababu chembe za maziwa zilizomo katika siagi huungua upesi. Anayechelea mafuta azipake slesi samli kidogo kwa brashi kila upande, azioke katika oveni mpaka zigeuke rangi. Nimefanya hivyo mara nyingi. Ladha hupungua kidogo, mafuta hupungua sana.

Panga vipande katika sufuria pana, visilaliane mno. Mwagia shira ikiwa ya moto, ngoja dakika mbili ikinywewa, kisha mwagia maziwa mazito pamoja na zafarani na iliki iliyobaki. Funika, weka juu ya moto mdogo kabisa kwa dakika kumi. Khala alikuwa akiweka makaa machache juu ya kifuniko, kama tunavyofanya sisi kwa mkate wa kumimina, na siku nilipomwonyesha kuwa hata kwetu tunajua kupalia moto juu, alifurahi kama aliyekutana na jamaa. Usikoroge. Maziwa yakikaribia kunywewa yote, epua, nyunyiza lozi na korosho. Anayependa maji ya waridi atie kijiko kimoja sasa, si mapema, maana harufu yake hupotea motoni.

Sitaki kumaliza bila ya kusema juu ya sukari, kwa kuwa katika familia zetu wagonjwa wa kisukari si wachache, na Ramadhani ndiyo mwezi wanaojisahau. Kikombe kimoja cha sukari ni kiasi cha gramu 200. Gawanya kwa watu wanane: kila mmoja amekula gramu 25, yaani vijiko vya chai sita, bila kuhesabu tende na sharubati alizotangulia nazo. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana iwe chini ya 25. Basi kipande kimoja kimemaliza hesabu ya siku. Wako wanaobadilisha sukari kwa asali wakadhani wamemwepusha mgonjwa. Asali ina fadhila zake, lakini mwilini mwa mwenye kisukari nayo ni sukari. Punguza kikombe kiwe nusu, maziwa yaliyokauka yana utamu wake. Mkate mkatie kila mtu kipande kidogo. Na mwenye maradhi aulize daktari wake kabla ya Idi, si baada yake. Khala mwenyewe alikuwa na kisukari. Alipika kwa ajili ya mtaa mzima, akaonja kwa ncha ya kijiko, akafunika. Bakuli la kwanza lilikuwa la mlinzi wa lango, kila mara, kabla ya wajukuu.

Huliwa moto au baridi. Katika jokofu hukaa siku mbili, na siku ya pili, kwa maoni yangu, ni kitamu zaidi.

Tuliporudi nyumbani nilianza kumwomba mwenye duka la mtaani kwetu aniwekee mkate uliolala. Alikuwa akiniuzia kwa nusu bei, na kwa muda mrefu aliamini ninafuga kuku. Sikumweleza. Idi iliyopita nilimpelekea bakuli, akaniuliza kimetengenezwa kwa kitu gani, nikamwambia. Mkate wa jana bado ananiwekea, lakini sasa ananitoza bei kamili.